Wafu Wanaodai: Picha za Mizuka na Kanisa katika Tarime na Serengeti

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko mengine na wanafunzi wa kipaimara katika mitaa ya Tarime na Serengeti halihusu Utatu wala ubatizo wa watoto wachanga. Linahusu picha. Mchungaji, ni dhambi kutazama picha za mizuka? Na walio wadogo zaidi huuliza kwa sauti ya chini: jini anaweza kutoka kwenye kanda akabaki ndani ya nyumba?

Kwa miaka mingi tulijibu upesi kwamba ni dhambi, msitazame, kisha tukafungua Katekisimu Ndogo na kuendelea na somo. Jibu lile lilikuwa jepesi. Tulilitoa bila kujua historia ya kitu tulichokuwa tunakikataza, na bila kutambua kuwa mkono wa Kanisa umo ndani ya historia hiyo tangu mwanzo wake hadi kwenye usharika wetu wenyewe. Kurasa hizi tunaziandika kama watu wanaorekebisha somo walilolifundisha vibaya.

Picha tunazozungumzia zinajulikana. Mtu ameuawa kwa dhuluma, mara nyingi mwanamke. Maiti imefichwa, kesi haikusikilizwa, na waliomuua wanakula na kunywa. Usiku anarudi. Au kuna chombo fulani, pete, kioo, mwanasesere, kibuyu, kilichobeba laana ya mwenyewe, na kila anayekigusa anapatwa na balaa. Katika filamu ya Kijapani iitwayo Ringu, iliyoongozwa na Hideo Nakata mwaka 1998, msichana aliyetupwa kisimani analipiza kisasi kwa njia ya kanda ya video: anayeitazama hufa baada ya siku saba. Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 2002, na hiyo ndiyo iliyofika huku kwetu. Fikirini vijana waliobanana kwenye mabenchi ya banda la video pale Sirari, mbele ya deki inayozungusha kanda, wakitazama habari za kanda inayoua. Tuliambiwa wengine walihesabu siku saba kwa uaminifu kuliko walivyowahi kuhesabu siku za Kwaresima.

Mizuka hiyo ya Kijapani ina chimbuko la kale. Mwaka 903 kiongozi mkubwa wa serikali yao, Sugawara no Michizane, alifia uhamishoni baada ya kusingiziwa. Baadaye vifo vikawaandama wakubwa na radi ikapiga ikulu, na watu wakasema ni yeye. Serikali ikamrudishia vyeo vyake akiwa kaburini, na hatimaye akajengewa hekalu. Kwa njia ile ya hofu, watawala walikiri kwa kuchelewa kwamba mtu alidhulumiwa. Kijana wa Kikurya hahitaji kutafsiriwa jambo hilo. Anajua kwamba damu iliyomwagwa ikafichwa haitulii, na kama alikuja darasani anajua pia Mwanzo sura ya 4, ambapo Mungu anamwuliza Kaini habari za ndugu yake na kumwambia kuwa damu hiyo inalia kutoka ardhini.

Sasa turudi kwa Kanisa. Liliingia katika mambo ya sinema mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1932 J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni alikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini kuchunguza jinsi viwanda vinavyobadili maisha ya Waafrika. Kutokana na safari ile likazaliwa wazo la kutumia sinema kuwaelimisha watu wa vijijini. Kuanzia 1935 hadi 1937, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, mradi uliwekwa Vugiri katika milima ya Usambara, hapahapa Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35: habari za safura, malaria, kilimo, akiba ya posta, hata ngano ya sungura na chui. Lori lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, likiwa na pazia, mashine ya umeme na sahani za santuri zenye maelezo katika lugha za wenyeji. Sisi tuliopita Makumira hupenda kukumbuka kwamba chuo chetu kilianzia Lwandai, katika Usambara hiyohiyo, mwaka 1947. Elimu yetu ya theolojia na sinema ya vijijini ni watoto wa milima ile ile, ingawa hakuna aliyetuambia hivyo darasani.

Wamisioni wale walitarajia kwamba mwanga wa projekta ungefukuza hofu za usiku. Hakuna mzuka katika filamu za Vugiri. Kuna minyoo, mbu na daktari.

Kanisa lilirudi tena na pazia lake miaka mingi baadaye. Wengi wetu tulio na umri wa miaka arobaini na kitu tuliona sinema kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa shule, shuka jeupe likiwa limefungwa kati ya miti miwili, jenereta ikinguruma nyuma ya darasa. Ilikuwa filamu ya Yesu, ile iliyotolewa mwaka 1979 na kufuata Injili ya Luka, ikisema Kiswahili. Watu walilia Kristo alipopigwa misumari. Miaka mingi baadaye tuligundua kwamba mmoja wa waongozaji wake wawili, Peter Sykes, miaka mitatu kabla yake alikuwa ameiongozea kampuni ya Hammer ya Uingereza filamu ya kutisha ya habari za waabudu shetani, To the Devil a Daughter. Tulipolisema hilo katika kikao cha wachungaji, mmoja wetu alikasirika kana kwamba tumemtukana Bwana. Sisi hatuoni sababu ya kukasirika. Mtu yuleyule, kamera ileile, na usiku uleule wa watu walioketi chini wakitazama juu. Kilichobadilika ni nani anayerudi kutoka kaburini na anarudi kufanya nini. Tutalifikia jambo hilo.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, Tanzania Bara tukasubiri hadi 1994, na kwa vijiji vya ng'ambo ya Mto Mara tukasubiri zaidi. Kilichotufikia kwanza ni deki, jenereta na kanda za kukodi. Mabanda ya video yakainuka kwa mabati na maturubai, Tarime mjini, Sirari, Nyamongo kwa wachimbaji, Mugumu siku za mnada. Mtoto aliingia kwa shilingi 100, na asiye nayo alichungulia kwenye tundu la turubai hadi afukuzwe. Zilikuja picha za ngumi kutoka Hong Kong, zikaja za Kihindi, halafu zikaja za Nigeria na kukaa. Kiingereza chake hakikuwa kizuizi, maana wasimuliaji kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walikuwa wakiweka sauti ya Kiswahili juu ya picha za kigeni, wakieleza, wakichekesha na kutia chumvi. Baadaye na sauti ya DJ Afro ikavuka mpaka kutoka Kenya.

Picha iliyofungua njia huko Nigeria ni Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyotengenezwa kwa lugha ya Kiigbo na mfanyabiashara Kenneth Nnebue. Andy anatamani utajiri, anamtoa kafara mkewe Merit kwa chama cha siri. Utajiri unakuja. Merit naye anakuja, mezani, barabarani, kwenye harusi mpya ya mumewe, mpaka Andy anarukwa na akili. Wanaomwokoa mwishoni ni watu wa maombi. Picha nyingi zilizofuata zilishika mpangilio huo: tamaa, kafara, mzuka, mchungaji. Na huyo mchungaji wa kwenye picha, tuseme ukweli, ametupa kazi. Ana suti safi na sauti kubwa, na kwa dakika tano anamaliza jambo ambalo sisi tumekaa nalo na familia kwa miaka mitatu. Washarika wetu wamemwona. Wanatulinganisha naye.

Watengenezaji wa kwetu hawakukawia. Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, jina likiwa ni neno la Kinyakyusa la aliyekufa anayerudi. Mwaka 2005 akatoa Shumileta, habari za jini wa kike. Mwaka 2011 Steven Kanumba akashirikiana na Ramsey Nouah wa Nigeria katika Devil Kingdom. Hivyo ndivyo mtoto wa Nyamwaga au wa Natta alivyokusanya kichwani mwake mzuka wa Rungwe, jini wa pwani, chatu wa Nigeria na msichana wa Japani mwenye nywele usoni, wote wakikaa nyumba moja, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika kijiji chake.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wahubiri wengi husema picha hizi zimeamsha imani za mababu. Hatukubaliani nao. Bibi zetu wa Ngoreme na Ikoma hawakumjua jini. Neno lenyewe ni la Kiarabu na lilipanda kutoka pwani pamoja na Kiswahili. Walichokuwa nacho ni misambwa, roho za waliotangulia zilizofungamana na mahali: chemchemi, kilima, mti mkubwa. Msambwa haukuruka ukutani kumnyonga mgeni. Ulitaka ukumbukwe, watu wake waende pale pamoja, wapatane kwanza kabla ya kwenda, walishe na wale. Waikoma wana vilevile Machaba, meno mawili ya tembo ambayo kwa masimulizi yao walipewa na mtabiri wa Wataturu, nayo yakatunzwa kama kinga ya watu wote. Mtengenezaji wa picha za kutisha akipata habari za Machaba atajua mara moja la kufanya: atamweka mwizi ayaibe, kisha atamwua polepole. Lakini kwa wenyewe, meno yale yalikuwa agano kati yao na jirani wa lugha nyingine, na yaliwakutanisha. Hatuandiki haya ili kuyapitisha mbele ya Amri ya Kwanza. Tunahubiri kwamba kinga yetu ni Kristo, na tumelihubiri hilo Robanda kwa uwazi. Haki inatutaka tu tuseme kwamba mzuka wa kwenye picha si mtoto wa msambwa.

Tena misambwa mingine ilipoteza mahali pake. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951 na mipaka yake kubadilishwa mwaka 1959, baadhi ya vilima na chemchemi za ibada vilibaki ndani, ambako wenyeji hawaingii bila ruhusa. Nasi wahubiri tukawaambia watu waache hata pale palipobaki. Bwana Yesu alisimulia habari za nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, na wageni wabaya walioikuta hivyo. Tunaogopa kwamba tuliifagia vizuri.

Walutheri hatuna udhuru wa kutolijua jambo hili, kwani limo katika vitabu vyetu vya ungamo. Katika Makala za Schmalkalden za mwaka 1537, Luther analalamika kwamba pepo wabaya wamekuwa wakijitokeza kana kwamba ni roho za watu waliokufa, wakidai misa, mikesha na safari za hija. Angalieni anacholalamikia. Zama zile mzuka ulikuwa mdai. Ulikuja usiku kudai malipo, na malipo yalipitia mikononi mwa mapadre. Luther akaufunga mlango: wafu wako mikononi mwa Mungu, hawaji kukusanya madeni, na hakuna fedha inayonunua utulivu wao. Tunaamini alisema kweli. Tatizo ni kwamba mlango ulipofungwa, wengi wakadhani deni nalo limefutwa. Mtu aliyedhulumiwa na kufa, mjane wake yupo. Shamba lililonyang'anywa, lipo. Ng'ombe walioibwa wamezaa.

Wenzetu wa Kanisa la Menno walilielewa hili mapema kuliko sisi. Walifika Shirati mwaka 1934, na mwaka 1942 uamsho ule uliotoka Rwanda na Uganda ukawafikia. Walutheri tulikuja baadaye sana huku Mara, kwa hiyo tunausikia uamsho ule kwa masimulizi ya wazee wa Kimenno. Wakristo wa uamsho, kila ulikopita Afrika Mashariki, walisimama mbele ya watu wakakiri chuki zao, na wakarudisha vitu walivyoiba, jembe, shuka, fedha, wakivipeleka kwa mikono yao wenyewe kwa wenye navyo. Sisi tunaona kwamba wale waliitibu hofu ya mizuka bila kuitaja. Chombo chenye laana, ukiondoa moshi na muziki wa kwenye picha, ni mali ya mtu mwingine ambayo haijarudishwa. Akani wa Yoshua sura ya 7 angelielewa hilo, na vazi lake zuri chini ya hema.

Na katika Tarime madeni ya namna hiyo ni mengi. Wazee wa Kikurya walikuwa na iritongo, baraza la hadhara, na inchama, baraza la siri la wazee wazito, na kwa njia hizo damu na mali vilisemwa, vikalipiwa, na mkosaji akatakaswa au akatengwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokwisha, bunduki ziliingia katika wizi wa mifugo, na wizi uliokuwa wa mikuki na usiku mmoja ukawa biashara ya kuvuka mpaka. Sungusungu wakaundwa. Mapigano ya koo yakazuka na kurudi, hadi serikali ikaweka kanda maalumu ya kipolisi kwa ajili ya Tarime na Rorya. Tumezika vijana katika mapigano hayo. Tumesimama kwenye makaburi ambako kila mmoja alijua ni nani aliyerusha mshale, na hakuna aliyemtaja. Kijana anayetoka kwenye mazishi kama hayo akaingia banda la video, akamwona aliyeuawa anarudi na kuwataja wauaji kwa majina, hafuati upuuzi tu. Amepata mahali ambapo kesi inasikilizwa.

Ndiyo maana hatuwezi tena kuzikataza picha hizo kwa neno moja. Lakini zina ubaya ambao ni mkubwa kuliko ule tuliokuwa tukiuhubiri. Jini hatoki kwenye kanda. Kinachotoka ni sura. Mtazamaji anaondoka na sura ya mwovu kichwani, macho mekundu, ngozi iliyokunjamana, upweke, kibuyu mkononi, na kesho yake anakutana na sura hiyo kisimani. Huko Nigeria kanisa moja la Calabar chini ya mhubiri Helen Ukpabio lilitoa mwaka 1999 filamu iitwayo End of the Wicked, yenye watoto wachawi. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwamba ilichochea watoto kushutumiwa na kufukuzwa makwao, naye amekanusha. Kwetu wanaoshutumiwa ni wanawake wazee. Macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Usukumani wameuawa kwa mapanga kwa miaka mingi, na mkoa wetu wa Mara haukusalimika. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeripoti mauaji ya namna hiyo nchini kwa mamia katika baadhi ya miaka. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, inayomkataza mtu kumtaja mwenzake kuwa mchawi nje ya vyombo vya sheria. Na Amri ya Nane, usimshuhudie jirani yako uongo, tunayo tangu Sinai.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa wilaya ya Serengeti ambao hatuutaji kwa ajili ya walio hai, tulifanya semina ya vijana. Tulitaka kuwafundisha juu ya tamaa ya mali ya haraka. Tukakodi jenereta na projekta, tukafunga shuka jeupe ndani ya kanisa mbele ya madhabahu, tukawaonyesha picha ya Nigeria. Tuliichagua sisi, tukiamini kwamba mwisho wake ni mzuri, maana mwishoni mchungaji anashinda. Ndani yake alikuwamo bibi kizee aliyebeba kibuyu, na kila aliyekunywa kwake alipotea. Vijana walipiga kelele, wakacheka, wakaogopa. Tukamaliza kwa sala. Tuliondoka tumeridhika.

Bibi mmoja wa mtaa ule, mjane, mshiriki wa Meza ya Bwana kwa miaka mingi kuliko umri wetu, alikuwa akiuza maziwa kwa kibuyu. Wiki ya pili vijana walikuwa wamempa jina la yule wa kwenye picha. Mvua zikaja, malaria ikaja nazo, mtoto wa jirani akafa. Alikuwa amekunywa maziwa yake. Hakuna aliyesema neno hadharani. Wateja wakaacha kuja mmoja mmoja. Usiku mawe yakaanza kupiga bati la nyumba yake. Mwinjilisti alikuja Mugumu kwa baiskeli kutuambia, nasi tulikuwa na kikao, tukafika baada ya siku nne. Tulikuta binti yake amekwisha kumchukua na kumpeleka Tarime.

Tulikwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza alitupa maziwa ya mgando na kuuliza habari za kila mtu wa mtaa kwa jina, wakiwamo wale wa mawe. Mara ya pili alituuliza:

"Baba mchungaji, ile picha aliileta nani?"

"Bibi, ni sisi," tukamwambia.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza kama tumekula.

Alifariki mwaka uliofuata, akazikwa huko, mbali na kaburi la mumewe.

Jumapili iliyofuata Pasaka ya mwaka ule tulihubiri katika mtaa wake kutoka Luka sura ya 24. Ni habari ambayo mtazamaji yeyote wa picha za mizuka angeitambua mara moja. Mtu asiye na hatia ameshitakiwa kwa uongo na kuuawa. Rafiki zake walimkimbia, mmoja alimkana. Sasa wamekusanyika, na ghafla amesimama katikati yao akiwa na alama za misumari. Wanadhani ni mzuka, na wana sababu ya kuogopa, kwani kila simulizi wanalolijua linasema anakuja kuchukua chake. Yeye anawasalimu kwa amani. Anawaonyesha mikono na miguu, hafichi alichotendewa wala hawaambii wasahau. Kisha anaomba chakula, wanampa kipande cha samaki wa kuoka, anakula mbele yao. Tulisema haya, halafu tukasema kwamba picha ile tuliileta sisi, na kwamba bibi alikuwa hana kosa. Tukamwalika aliye na neno alinene.

Hakuna aliyesimama. Baba wa yule mtoto aliyekufa alikuwa amekaa benchi la tatu, ameinama.

Siku hizi wanafunzi wa kipaimara wakituuliza kuhusu picha, nasi tunawauliza. Katika hiyo mliyoiona, aliyekufa alidhulumiwa nini? Nani alijua akanyamaza? Na yule mwovu mliyeonyeshwa, hapa kijijini anafanana na nani? Swali la tatu huleta ukimya, na hapo ndipo tunafungua Amri ya Nane. Wengine bado wanaogopa jini wa kwenye kanda, tunaomba nao, nao wanalala.

Nyumba ya bibi ilibaki imefungwa. Kibuyu chake kilikuwa bado kinaning'inia ndani, kwenye boriti karibu na mlango, na watoto waliokuwa wakichungulia kwenye ufa walikimbia wakisema kimetikisika. Hakuna mtu mzima aliyekubali kukigusa, hata wazee wa kanisa wawili tuliowaomba. Mwezi wa sita mke wa mwinjilisti aliomba ufunguo kwa binti wa marehemu, akaingia peke yake mchana, akakitoa. Akakisugua kwa maji ya moto, akakifukiza kwa mti uleule aliokuwa akiutumia bibi, akatia maziwa ya ng'ombe wake. Anauza nacho mpaka leo. Majirani hupita mbele ya mlango wake wakienda kununua mbali, isipokuwa msichana mmoja wa darasa la tano, ambaye hunywa pale akitoka shule, na mama yake hajui.